Homa ya Siku ya Kumi: Nasaha kwa Wanaouguza Wagonjwa wa Saratani Handeni na Korogwe

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, tangu Mkata na Kabuku hadi Mombo na Magoma, jamaa wakipata habari kuwa ndugu yao ameandikiwa dawa za saratani, zile zitiwazo mwilini kwa dripu na pengine kwa vidonge, huingiwa na hofu mbili kwa pamoja: ya kwanza ni hofu ya maradhi yenyewe, na ya pili, ambayo aghalabu huishinda ya kwanza, ni hofu ya dawa. Wamepata kumwona jirani aliyerudi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nywele zimempukutika, kinywa kimejaa vidonda, na miguu haina nguvu ya kumfikisha uani, wakahukumu kwamba si maradhi yaliyomdhoofisha bali ni tiba. Hukumu hiyo ina sehemu ya haki, kwa kuwa dawa hizi, pamoja na kuziua seli za saratani, huzijeruhi pia seli nzima zisizo na hatia yoyote. Lakini sehemu iliyosalia ya haki hiyo haisemwi sana, nayo ni kwamba majeraha hayo yana sababu inayofahamika, yana siku zake za kuja na siku zake za kuondoka, na mengi katika hayo yana hadhari ambayo mtu yeyote wa nyumbani aweza kuishika. Rai ya makala hii ni moja: nyumba inayoijua hesabu ya siku hizo humlinda mgonjwa wake, na katika hesabu nzima hakuna jambo linalotaka haraka kuliko homa inayozuka katika juma la pili baada ya dripu.

Ili hadhari iwe na maana, sharti sababu ijulikane kwanza. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana ila kwa darubini, na seli hizo hazilingani kwa bidii ya kuzaliana. Seli za ubongo na za misuli ya moyo wa mtu mzima hugawanyika kwa nadra mno, au hazigawanyiki kabisa. Ziko nyingine ambazo kazi yao haina mapumziko: uboho ulio ndani ya mifupa huzalisha damu mpya usiku na mchana, utando wa ndani ya utumbo hujivua na kujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, ngozi laini ya kinywa huenda mwendo wa karibu na huo, na katika mashina ya nywele za kichwa, karibu 9 katika kila 10 huwa yamo katika kukua kwa wakati mmoja. Saratani nayo ni seli zilizoasi kanuni ya mwili, zikawa zinagawanyika bila ya haja na bila ya kikomo. Dawa hizi za saratani, ziitwazo kemotherapi, kwa sehemu kubwa, huishambulia seli pale inapojiandaa kugawanyika au inapogawanyika, wala hazina uwezo wa kubainisha ipi ni asi na ipi ni tiifu. Ni mfano wa kizuizi kilichowekwa usiku katika njia panda ya Segera ili kumnasa mwizi: kila aliye safarini husimamishwa, mwema na mwovu, ilhali aliyelala nyumbani kwake hana habari. Kwa hiyo uboho, kinywa, utumbo na nywele hupata mapigo, na ubongo na misuli husalimika kwa kiasi kikubwa.

Kama ingekuwa seli nzima na seli asi zinapigwa sawa na kupona sawa, tiba hii isingefaa kitu. Faida yake imo katika tofauti ya kupona: seli nzima, zikiachiwa muda, hujitengeneza na kurudi kazini kwa upesi na kwa ukamilifu kuliko seli za saratani. Ndiyo maana dripu hazitolewi mfululizo bila ya nafasi, bali hutolewa kwa awamu, na awamu nyingi huachana kwa siku 21, au 14, au 28, kulingana na dawa. Nafasi hiyo si uzembe wa hospitali, wala si siku za kukaa bure. Ni muda ambao uboho unajijenga upya. Atakayetaka dozi iletwe mapema ili amalize upesi anaomba apigwe kabla hajainuka, na atakayeiahirisha kwa hiari yake anayapa maradhi nafasi ile ile iliyokusudiwa kupewa mwili.

Wala haishangazi kwamba dawa hizi zina ukali kwa damu, kwa sababu zilianza kujulikana kwa ukali huo kabla hazijajulikana kwa manufaa. Matabibu waliochunguza miili ya askari waliouawa kwa gesi ya haradali katika Vita Vikuu vya Kwanza waliona kwamba seli nyeupe za damu zimeangamia na uboho umedhoofika. Na mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman waliipima dawa ya ukoo wa gesi hiyo kwa mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu, wakiwaza kwamba kitu kinachoziua seli nyeupe nzima huenda kikaziua na zile zilizoasi. Uvimbe wa mgonjwa huyo ulinywea, ingawa haukukosa kurudi baadaye. Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika tarikhi hii. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha mwaka 1958 habari za uvimbe unaowatokea watoto tayani, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo hupatikana. Akaona kwamba unafuata nchi za joto na mvua, ambazo baadaye ilifahamika kuwa ndizo nchi za malaria nyingi, mfano wa mabonde yetu ya Pangani na ya pwani yote. Na akaona pia kwamba dawa peke yake, kwa dozi chache, ziliweza kuuyeyusha uvimbe uliokuwa umemharibu mtoto uso, na watoto wengine wakapona kabisa.

Malaria hiyo hiyo iliyowaongoza matabibu kuufahamu uvimbe wa watoto ndiyo leo inayowapotosha jamaa wa wagonjwa wetu, na hapa ndipo penye kiini cha nasaha hii. Lakini tuitandaze kwanza hesabu ya siku, ili kila jambo lionekane mahali pake.

Ihesabiwe siku ya dripu kuwa siku ya 1. Tangu saa za mwanzo hadi siku ya 5 hivi, mgonjwa aghalabu hupata kichefuchefu na kutapika, kwa sababu dawa huuchokoza utumbo na pia huiamsha sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Kati ya siku ya 5 na ya 14 kinywa huanza kuwa chekundu na kufanya vidonda, na tumbo huweza kuharisha, kwani ngozi ya zamani imechakaa na mpya imechelewa kuzaliwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 seli nyeupe za damu hufika chini kabisa, kwa kuwa askari hawa wa mwili huishi katika damu siku chache tu, na wanapokufa kwa kawaida yao uboho uliojeruhiwa hauleti wengine. Na karibu na siku hizo hizo hupungua chembe sahani, ambazo kazi yake ni kugandisha damu na ambazo huishi siku 8 hadi 10. Seli nyekundu, zinazoishi karibu siku 120, hupungua polepole, na upungufu wake huonekana baada ya awamu kadhaa. Nywele, kwa dawa zile zinazozigusa, huanza kutoka katika juma la 2 au la 3. Kisha, kuelekea siku ya 21, uboho huwa umejijenga, na mgonjwa hujihisi kuwa amerudiwa na nafsi yake. Kwa baadhi ya dawa mpango huu hubadilika, basi mwulize daktari wako hesabu ya dawa yako, uiandike.

Sasa tuje kwenye homa. Mtu mwenye seli nyeupe za kutosha akiingiwa na vijidudu huota jipu, hutoa usaha, huvimba, au hukohoa makohozi mazito. Hizo zote ni alama za vita vinavyopiganwa. Mgonjwa ambaye askari wake wamekwisha hana wa kupigana, kwa hiyo hana jipu wala usaha. Aweza kuwa na vijidudu vimeenea katika damu yake yote, na alama pekee ya nje ikawa ni joto la mwili lililofika nyuzi 38 au kuzidi, au kutetemeka kwa baridi, au ulegevu wa ghafla usio na homa yoyote. Vijidudu hivyo mara nyingi havikutoka mbali. Ni vile vile vilivyokuwa vikikaa kwa amani katika utumbo na kinywa chake, vikapata upenyo kwa sababu utando umechanika. Mgonjwa wa namna hii aliyekuwa akizungumza jioni aweza kuwa mahututi asubuhi. Kwa ajili hiyo matabibu wa saratani wamekubaliana duniani kote kwamba apewe dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa ndani ya saa 1 tangu afike hospitali, hata kabla majibu ya vipimo vyote hayajatoka.

Nyumbani kwetu homa ina jina lake tayari. Mtu akitetemeka huambiwa ni malaria, hununuliwa vidonge katika duka la dawa, hufunikwa blanketi, na husubiriwa siku 3. Desturi hiyo haikuzuka bure, maana wazee wetu waliishi katika nchi ambayo homa nyingi zilikuwa malaria kweli. Lakini nchi imebadilika. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Korogwe kati ya mwaka 2003 na 2008 ulionyesha kwamba malaria ilikuwa imepungua kwa kiasi kikubwa mno, katika vijiji vya bondeni na vya mlimani pia. Na huko Moshi, uchunguzi wa wagonjwa wa homa waliolazwa hospitali, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao waliambiwa wana malaria, hali waliokuwa nayo kwa hakika hawakufika 2 katika kila 100. Ikiwa ndivyo kwa watu wa kawaida, sembuse mgonjwa ambaye dawa imemwondolea kinga yake? Kuna na jambo la pili la hadhari: kipimo cha haraka cha malaria huweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa majuma kadhaa baada ya malaria kwisha kutibiwa, na hata mwenye malaria ya kweli aweza wakati huo huo kuwa na vijidudu vingine katika damu. Basi mgonjwa wa dripu apimwe malaria, naam, na akikutwa nayo atibiwe, lakini jibu hilo lisiwe sababu ya kumrudisha nyumbani bila ya kupimwa picha kamili ya damu, yaani hesabu ya seli zake, na kutazamwa na daktari.

Kutokana na hayo yafuatayo yanapasa. Nyumba iwe na kipimajoto, kwa sababu kiganja juu ya paji la uso hudanganya. Mgonjwa akihisi vibaya, apimwe joto kwanza kabla ya kupewa parasetamoli, kwa kuwa parasetamoli huishusha homa na kuificha, ilhali vijidudu vinaendelea na kazi yao. Joto likifika nyuzi 38, saa yoyote ya usiku au ya mchana, aondoke: wa Korogwe na vitongoji vyake aende hospitali ya Magunga, wa Handeni aende hospitali ya wilaya, na wakimwelekeza hospitali ya Bombo ya Tanga asiajizi. Asingoje kufika Dar es Salaam ndipo apate dozi ya kwanza ya dawa. Njia ya zaidi ya kilomita 200 ni ndefu kwa mtu ambaye saa zake zinahesabika.

Kinga ni bora kuliko kukimbizana na homa, na kinga yenyewe ni mambo ya nyumbani. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mgonjwa na ya kila amgusaye. Handeni imejulikana miaka mingi kwa uhaba wa maji, na licha ya mabomba yaletayo maji ya mto Pangani, ziko nyumba zinazotegemea malambo na visima vya wazi. Basi maji ya kunywa ya mgonjwa yachemshwe mpaka yatokote, yafunikwe, na yachotwe kwa chombo safi chenye mkono. Maziwa yanayoletwa na wafugaji ni neema kubwa, lakini yasinywewe mabichi, wala mtindi uliogandishwa kutokana na maziwa mabichi usinywewe, yachemshwe kwanza. Nyama, samaki na mayai viive sawasawa, chakula kiliwe kingali moto, na kiporo cha jana apewe mwingine. Matunda ya kumenya, kama ndizi, papai na embe, ni salama kuliko yale yaliwayo na maganda yake, mradi yaoshwe kabla ya kumenywa. Kuku na mbuzi wasilale chumbani mwake, na kazi ya kusafisha mabanda aifanye mwingine.

Kuna jambo zito zaidi, kwa kuwa linagusa utu wetu, nalo ni kuzuru wagonjwa. Kumjulia mgonjwa hali ni wajibu uliokaa katika dini na katika mila, na nyumba ya mgonjwa isiyojaa watu huonekana kuwa imetupwa. Hata hivyo, katika siku ya 7 hadi ya 14, mapenzi makubwa kuliko yote ni kumsalimu mgonjwa kutoka barazani. Mwenye mafua, kikohozi, tetekuwanga au kuharisha asiingie kabisa. Wengine waingie wawili wawili, waoshe mikono mlangoni, na wasikae sana. Mwenye kuuguza asione haya kuyasema maneno haya kwa upole, na mgeni asiyahesabu kuwa dharau. Misiba na harusi zenye umati mgonjwa azihudhurie kwa salamu, na jamaa wampelekee udhuru wake.

Kichefuchefu kina siri moja ambayo wengi hawaijui: dawa ya kukizuia hunywewa kabla hakijaja, kwa saa zilizoandikwa, wala haingojwi mpaka mtu ameanza kutapika. Hili ni muhimu hasa kwa abiria wa basi anayetoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, ambaye mtikisiko wa gari utaongezea yale yaliyoanzishwa na dripu. Ameze dawa yake kabla ya kupanda, na achukue maji na mkate mkavu. Nyumbani ale kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, uji mwepesi, ndizi za kupikwa, wali laini, maharage yaliyopondwa, yai lililoiva, na akae mbali na moshi na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Akitapika hata maji hayakai kwa siku nzima, ni haki yake kurudishwa hospitali.

Kinywa kisukutuliwe mara 4 kwa siku au zaidi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Mswaki wa mti, ambao ni mzuri kwa mtu mzima wa siha, una ukali kwa fizi zilizolegea. Atumie mswaki laini au kitambaa safi. Pilipili, ndimu, mbilimbi, achari na machungwa makali, ambayo ndiyo ladha ya pwani yetu, avipe likizo mpaka vidonda vifunge. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, na kuharisha kukizidi au kukichanganyika na damu au homa, hapo si pa kutibiwa nyumbani.

Upungufu wa seli nyekundu humfanya mgonjwa achoke upesi, moyo umdunde kwa hatua chache, na viganja vimpauke. Juisi ya rozela, matembele, mchunga na dagaa ni chakula chema, na mtu ale. Lakini ijulikane ya kwamba kilichopungua hapa si malighafi pekee, bali mtambo wenyewe umejeruhiwa, kwa hiyo chakula hakiwezi kuchukua nafasi ya damu pale daktari anaposema aongezwe. Jamaa wenye afya waende kuchangia damu bila ya kungoja kubembelezwa. Upungufu wa chembe sahani hujionyesha kwa damu za pua zisizokoma, fizi zinazotoa damu, alama za zambarau katika ngozi pasipo kugongwa, au choo cheusi kama lami. Hizo nazo ni alama za kuondoka mara moja. Katika siku hizo mgonjwa asipigwe sindano ya msulini dukani wala kwa jirani, asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila ya idhini ya daktari wake, na asinyolewe kwa wembe.

Nywele ni jambo dogo kwa tabibu na kubwa kwa mwenye kichwa, khasa mwanamke. Anayejua mapema kuwa zitatoka huchagua mwenyewe siku ya kuzipunguza kwa mashine, hupanga mtandio au kofia yake, na haamki asubuhi moja akakuta mto umejaa nywele bila ya kutarajia. Mashina hayafi; nywele huanza kurudi mwezi mmoja hadi mitatu baada ya tiba kwisha, pengine zikiwa na msokoto au rangi tofauti kidogo.

Si kila jeraha hufuata kanuni ya seli zinazogawanyika, kwa kuwa dawa nyingine zina ukali wa pekee juu ya kiungo fulani. Vinkristini, iliyopatikana katika ua la Madagaska ambalo watu hulipanda kwa mapambo, na dawa ya paklitaxeli, hugusa mishipa ya fahamu, zikaleta ganzi ya vidole na choo kigumu. Mwenye ganzi asitembee miguu mitupu shambani wala asipakue sufuria mekoni, kwani ataungua asijue. Sisplatini huelemea figo na masikio, na maji mengi ndiyo ngao yake. Siklofosfamidi huweza kukichoma kibofu, basi mgonjwa anywe maji na akojoe mara kwa mara. Doksorubisini, ile nyekundu, hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku 1 au 2 bila ya kuwa damu, nalo ni jambo la kutohofiwa. Ila huweza kuuchosha moyo dozi zikilimbikizana, ndiyo maana daktari huihesabu jumla yake na kuupima moyo.

Seli za uzazi nazo hujeruhiwa. Kijana, mwanamume au mwanamke, anayetumaini kuzaa amwulize daktari kabla ya dripu ya kwanza, wakati bado lipo la kufanywa. Mimba isitungwe wakati wa tiba, na mama anyonyeshaye apate shauri la daktari, maana dawa hupita katika maziwa. Katika saa 48 za mwanzo baada ya dripu, mkojo, matapishi na choo cha mgonjwa huwa na mabaki ya dawa: anayevisafisha avae glovu, shuka zifuliwe peke yake, na choo cha shimo kimwagiwe maji na kufunikwa. Kumshika mkono, kula naye na kulala chumba kimoja naye hakumdhuru mtu.

Juu ya miti shamba, maneno yasemwe kwa insafu. Wazigua, Wabondei na Wasambaa wana elimu ya miti iliyo ya kale na yenye heshima, na vinkristini yenyewe, kama tulivyosema, ilitoka katika mmea. Lakini mizizi inayochemshwa na kunywewa pamoja na dripu hukutana nayo katika ini na figo zile zile, ikaweza kuizidisha dawa ikawa sumu au kuipunguza ikawa maji. Na kipimo cha chungu hakijulikani. Mwaka 2011 wako wagonjwa waliotoka wodini kwenda kunywa kikombe cha dawa ya miti huko Loliondo wakaziacha dawa zao, na wengine hawakuwahi kuzirudia. Mwenye kutaka mti wa babu yake aupeleke mbele ya daktari, autaje jina, na asubiri. Kadhalika anayetumia dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi asiziache kwa sababu ameanza dripu; awaambie matabibu wa pande zote mbili, ili wazipatanishe.

Ukija mwezi wa Ramadhani, mgonjwa akumbuke kwamba Kurani imemruhusu kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa ana fidia yake. Kuiacha ruhusa hiyo, akakaukiwa na maji huku figo zake zikiitoa dawa mwilini, ni kujitwika asichotwikwa.

Liko pia jambo linaloumiza mioyo ya wasafiri: mtu hupanda basi kwa nauli ya kukopa hadi Ocean Road, ambayo jengo lake la kale lilifunguliwa na Wadachi mwaka 1897 na ambayo imekuwa Taasisi ya Saratani tangu 1996, au hadi KCMC ya Moshi, akafika akapimwa damu, akaambiwa seli nyeupe bado ziko chini, arudi juma lijalo. Kuahirishwa huko ni rehema, ingawa kuna gharama. Mwulize daktari wako kama picha ya damu yaweza kupimwa karibu na nyumbani siku 1 au 2 kabla ya safari, na majibu yakasomwa kwa simu. Na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulizwe mapema juu ya msamaha wa gharama, kabla fedha hazijakwisha. Na pale maumivu yanapozidi, au tiba inapofika mwisho wa uwezo wake, tiba shufaa ipo, na Hospitali Teule ya Muheza imeitumikia kazi hiyo kwa miaka.

Kabla ya dripu ijayo, basi, kaeni pamoja nyumbani mfanye matayarisho haya. Andikeni katika karatasi moja majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na namba ya simu ya kliniki. Ibandikeni ukutani pa kuonekana na wote, na nakala iwe mfukoni mwa mgonjwa. Zungusheni kalamu juu ya siku ya 7 hadi ya 14. Pataneni na mwenye bodaboda au gari atakayekubali kuamshwa usiku, na wekeni nauli yake kando isiguswe kwa ada ya shule wala kwa mbegu. Mteueni mtu wa pili atakayejua yote haya iwapo wa kwanza amesafiri. Na mkifika mapokezi ya hospitali, msiseme tu kwamba mgonjwa ana homa, kwa kuwa wenye homa ni wengi na mtapangwa katika foleni yao, semeni: “Huyu yuko katika dripu za saratani, dozi ya mwisho alipata tarehe hii, leo ni siku ya kumi, joto lake ni nyuzi 38 na nusu, tunaomba apimwe picha kamili ya damu na aonwe na daktari sasa.” Mfundisheni kila mtu mzima wa nyumba maneno hayo mpaka ayaseme bila ya kuisoma karatasi.